Brocéliande, Nchi Iliyotafutiwa Ardhi

Wace alikuwa mtu wa kanisa, mzaliwa wa kisiwa cha Jersey, na kazi iliyomkalia mezani haikuwa ndogo: kuandika kwa mashairi historia ya watawala wa Normandy, mababu wa Mfalme Henry II wa Uingereza. Aliianza mwaka 1160. Alipofika kwenye orodha ya mabwana waliovuka bahari mwaka 1066 kwenda kuiteka Uingereza, akawataja wale waliotoka upande wa msitu wa Brecheliant, kule Bretagne, na hapo kalamu ikamchepuka. Msitu huo, anasema, Wabretoni hawachoki kuusimulia. Una chemchemi iitwayo Barenton. Wawindaji wakizidiwa na joto huchota maji kwa pembe zao, wakalowesha jiwe lililo kando yake, na mvua ikashuka. Majini nao huonekana hapo, ikiwa Wabretoni wasema kweli. Basi Wace akafunga safari akajionee. Msitu aliuona, ardhi akaiona, maajabu hakuyaona, na katika shairi lake anajicheka mwenyewe kwa ujinga wa kwenda na kwa ujinga wa kurudi.

Hiyo ndiyo safari ya kwanza iliyoandikwa ya mtu aliyekwenda Brocéliande kwa matembezi tu, na papo hapo tukapata malalamiko ya kwanza ya mtalii. Maana nchi aliyoitafuta si ya kufikiwa kwa miguu. Ni nchi ya hadithi za Mfalme Arthur, msitu usio na mwisho unaotawaliwa na majini wa kike, wazuri wa sura, wenye elimu ya uganga na hasira za karibu. Viviane, bibi wa ziwa, ana jumba chini ya maji, na huko ndiko alikomlea Lancelot, shujaa wa mashujaa. Morgane, dada yake Arthur, ana bonde ambalo mwanamume aliyemsaliti mpenzi wake akiingia hatoki. Merlin, mganga mkuu aliyejua ya jana na ya kesho, anamfundisha Viviane uganga wake wote kwa sababu ya mapenzi. Viviane anautumia kumfungia humo humo msituni, katika gereza ambalo kuta zake hazionekani. Wanaume ni wapita njia. Wenye nchi ni wanawake hawa.

Nchi ya namna hiyo haina haja ya ramani. Wenye haja ni watu. Ndiyo sababu Brocéliande, ambayo haikuwahi kuwako, ina historia ndefu kuliko falme nyingi zilizokuwako: kila baada ya muda alitokea mtu, mara mwinyi mwenye ardhi, mara jaji mstaafu, mara padri wa kijijini, akaichukua nchi ya majini na kuilaza juu ya kipande cha ardhi alichokijua. Kila mmoja alikuwa na lake.

Kipande kilichoshinda ni msitu wa Paimpont, kilomita 40 hivi magharibi mwa jiji la Rennes. Ni mkubwa kuliko misitu yote iliyobaki Bretagne, hekta 9,000 hivi za mialoni, misonobari, mabwawa na vilima vya mwamba mwekundu. Wakazi wake hawakuwa wasemaji wa Kibretoni, kama mgeni angedhani baada ya kusikia sifa zote za Wabretoni na hadithi zao. Upande huu wa mashariki wasemaji wa kienyeji ni wa Kigallo, lugha ya ukoo mmoja na Kifaransa. Mialoni yao ilikuwa ya kuni na ya kulishia nguruwe, na chemchemi zao za kutibu maradhi.

Karibu miaka ishirini baada ya Wace kuanza kazi yake, mtunzi Chrétien de Troyes aliichukua chemchemi ile ile akaijengea kisa kizima. Shujaa aitwaye Yvain anasikia kwamba Brocéliande kuna jiwe ambalo ukilimwagia maji hupiga radi, hushuka theluji, mvua na mawe ya barafu kwa pamoja, na miti hupukutika majani yote. Halafu mbingu ikitulia ndege hukusanyika juu ya msonobari na kuimba kwa pamoja. Yvain anamwaga maji. Dhoruba ikiisha anatokea mlinzi wa chemchemi akiwaka kwa hasira, na hasira yake si ya bure, kwani ni ya mwenye mali aliyeharibiwa msitu wake na mtu ambaye yeye hakumkosea lolote. Wanapigana, mlinzi anakufa, na Yvain anamwoa mjane wake na kuurithi ulinzi. Katika kisa hicho chote cha majini kuna jambo la ardhi lililojificha: nani mwenye haki ya kulowesha jiwe, na nani alipe hasara.

Mahali penyewe ni wapi? Chrétien hajali. Anamtoa Yvain Carduel, ambayo anaiweka Wales, na kumfikisha Brocéliande bila kumpandisha chombo chochote cha baharini. Waandishi wa karne ya 13, waliokusanya habari za Lancelot na Merlin katika vitabu vinene vya nathari, walimfungia Merlin Brocéliande, ila bonde la Morgane hawakuliweka huko. Kwao lilikuwa sehemu nyingine ya nchi ya Arthur. Jambo hilo litarudi kuwasumbua watu baadaye.

Wakati mashairi yanaandikwa, msitu wa kweli ulikuwa na vituko vyake visivyohitaji jini. Miaka ya 1140 alizuka mtu aitwaye Éon, aliyekusanya wafuasi na kupora makanisa na nyumba za watawa. Kumbukumbu za wakati huo zinataja makazi ya watawa wakaa pweke yaliyochomwa moto katika msitu wa Brécilien, jina la zamani la Paimpont, na katika misitu mingine ya Bretagne. Éon alisikia katika sala za Kilatini maneno yanayotaja yule atakayekuja kuhukumu, akayaona yanalingana na jina lake, akajitangaza kuwa ndiye. Mwaka 1148 alifikishwa mbele ya Papa Eugenius III kwenye mtaguso wa Reims. Mwandishi William wa Newburgh anasimulia kwamba alikuwa na fimbo yenye panda. Alipoulizwa maana yake alijibu kuwa panda mbili zikielekea juu, theluthi mbili za ulimwengu ni za Mungu na moja ni yake. Akiigeuza fimbo, hesabu nayo hugeuka. Maaskofu waliangua kicheko. Éon akafungwa, na kifungoni akafa.

Mtaguso ulicheka, lakini mtu aliyegawa ulimwengu kwa fimbo hakuwa mbali sana na mabwana wa msitu ule, ambao nao walikuwa na namna zao za kuhesabu kilicho chao.

Mwaka 1467, katika ngome ya Comper iliyo ukingoni mwa msitu, iliandikwa hati ya desturi na haki za msitu wa Brécilien. Bwana wa msitu wakati huo alikuwa Guy XIV, mwinyi wa Laval, aliyeurithi kwa upande wa baba yake wa ukoo wa Montfort. Hati yenyewe kwa sehemu kubwa ni kavu kama hati zote za ardhi: nani alishe mifugo na wapi, nani aokote kuni, nani akate miti ya kujengea, watawa wa abasia ya Paimpont wana haki gani na wanakijiji gani hawana. Msitu ulikuwa ghala ya kila mtu, na kila mtu alitaka haki yake iandikwe kabla jirani hajaandikisha yake.

Kisha, katikati ya mambo hayo ya nguruwe na kuni, mwandishi wa hati anageuka bila kubadili sauti na kuingia nchi ya majini. Kuna sehemu moja ya msitu, anaandika, ambamo haishi mnyama mwenye sumu wala nzi. Ng'ombe wakiingizwa humo wakiwa wamezingirwa na nzi, nzi huwaacha. Karibu na sehemu nyingine kuna chemchemi ya Bellenton, ndiyo Barenton, ambapo shujaa Ponthus alipigana. Ponthus ni mhusika wa kitabu cha hadithi kilichokuwa kikisomwa sana miaka hiyo. Hati inamtaja kama mtu anavyomtaja shahidi wa mpaka wa shamba. Na kando ya chemchemi kuna jiwe kubwa. Kila mara mwinyi wa Montfort ajapo akachota maji na kulilowesha, hata kukiwa na joto la namna gani na upepo ukivuma kutoka popote, mvua hunyesha kwa wingi katika nchi nzima kabla yeye mwenyewe hajawahi kurudi Comper, ikainufaisha ardhi na kila kilichomo.

Lililobadilika hapo ni dogo na ni kubwa. Kwa Wace, jiwe lilikuwa la mwindaji yeyote aliyeona joto. Kwa Chrétien, lilikuwa la yule aliyeweza kulipigania. Katika hati ya 1467 limekuwa la mwinyi peke yake. Mvua imeingizwa katika orodha ya mali ya ukoo, sambamba na mbao na malisho, na maajabu yamepewa mwenyewe. Wasomi wengi huinukuu hati hii kama ushahidi kwamba Brocéliande ndiyo Paimpont. Ni ushahidi wa jambo lingine pia, nalo pengine ni la maana zaidi: kwamba ukoo wa Laval ulisoma hadithi zile ukaona faida ya kuzifanya za nyumbani. Bwana ambaye babu zake wanatajwa na Wace, ambaye shujaa wa kitabu alipigana shambani kwake, na ambaye mbingu inamtii, si bwana wa kubishana naye juu ya kuni.

Mwaka 1653 msitu uliuzwa. Waliounua walikuwa na hesabu tofauti kabisa. Chini ya ardhi kulikuwa na mtapo wa chuma, juu yake miti ya kuchomea mkaa, na mabwawa ya kuendeshea mivukuto na nyundo. Viwanda vya chuma vya Paimpont vikaanza kazi, na kwa zaidi ya miaka mia mbili mwenye amri msituni alikuwa tanuri. Wachoma mkaa, wachimba mtapo, wakata miti na wenye punda wa kubeba mizigo walijaa humo, na wanavijiji waliokuwa na haki za zamani za malisho na kuni wakajikuta wakigombana na wenye viwanda vizazi kwa vizazi, kwa sababu ng'ombe anayekula mche ndiye anayekula mkaa wa kesho. Katika karne ya 19 chuma cha makaa ya mawe kilishuka bei kuliko kile cha mkaa wa miti, na tanuri za Paimpont zikazimika. Sehemu kubwa ya kile ambacho mgeni wa leo hukiona kuwa msitu wa tangu kale ni msitu uliokatwa, ukaota na kukatwa tena kwa zamu ili kulisha moto ule.

Tanuri zikiwa bado zinawaka, watu wa aina nyingine walianza kuja na daftari mkononi. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, maafisa wa mahakama na mawakili wa miji midogo ya Bretagne waliingiwa na shauku ya mambo ya kale. Mashairi ya Arthur yalikuwa yamerudi katika mtindo. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 mtunzi Creuzé de Lesser alikuwa ameyasimulia upya, na yeye ndiye aliyelipeleka Bonde Lisilo na Kurudi la Morgane katika msitu wa Brocéliande. Kuhusu msitu wenyewe, wanazuoni walikuwa hawajakubaliana. Padri Gervais de La Rue, mjuzi wa mashairi ya kale, aliandika mwaka 1815 kwamba Brocéliande ilikuwa upande wa Quintin, kaskazini zaidi. Watu wa mji wa Montfort, jirani na Paimpont, hawakulipenda hilo.

Mwaka 1820 jaji wa Montfort aitwaye Poignand alichapisha kijitabu kilicholiweka kaburi la Merlin katika msitu huo wa jirani. Miaka minne baadaye mwenzake Blanchard de la Musse akalitafutia mahali Bonde Lisilo na Kurudi. Alilichagua bonde moja zuri upande wa pili wa msitu, na kwa miaka kadhaa wageni walipelekwa huko. Kisha karne ilipofika katikati karakana ya chuma ikajengwa bondeni. Nani atakuja kumtafuta Morgane penye nyundo na moshi? Bonde likahamishwa. Jina lilibebwa zima zima hadi bonde lingine, karibu na kijiji cha Tréhorenteuc, ambako kulikuwa na majabali mekundu ya kutisha na bwawa tulivu. Bwawa hilo lililozuiwa kwa ajili ya kinu cha kusaga likapewa jina la Kioo cha Majini. Bonde la pili linafaa kuliko la kwanza, hilo kila aliyefika atakiri. Uhalali wao lakini ni mmoja.

Kaburi la Merlin lilikuwa na bahati mbaya zaidi. Lilikuwa jengo la mawe makubwa la zama za kabla ya chuma na shaba, la watu waliozika wafu wao miaka elfu kadhaa kabla hata jina la Merlin halijatamkwa. Mwishoni mwa karne ya 19 sifa ya kaburi la mganga mkuu ilimfanya mtu aamini kuwa chini yake kuna hazina. Mawe yakafukuliwa na mengi yakavunjwa, hazina haikuonekana, na leo yamebaki mabamba mawili ambayo wageni hupachika katikati yake vikaratasi vya maombi. Kama jaji angelinyamazia rundo lile la mawe, huenda lingekuwa limesimama hadi leo. Kaburi jingine la zama zile zile, lililo juu ya Bonde Lisilo na Kurudi, liliitwa kwanza kaburi la makuhani wa kale na baadaye Nyumba ya Viviane. Hilo lilichimbwa na wanaakiolojia miaka ya 1980 na kuhifadhiwa.

Ni rahisi kuwacheka mawakili hawa na kuona kila kitu ni uzushi wa vitabu. Lakini chemchemi inakataa kuingia katika hesabu hiyo. Mwezi Agosti 1835, kukiwa na ukame, waumini wa parokia ya Concoret waliandamana hadi Barenton na bendera zao, kengele zikilia, padri akiwa mbele yao. Maji yakabarikiwa, jiwe likaloweshwa, na watu wakasema mvua ilinyesha. Wanakijiji wale hawakuhitaji kumsoma Chrétien, na kumsoma wasingeweza. Desturi aliyoisikia Wace katika karne ya 12 ilikuwa bado inafanya kazi, ila mwindaji na pembe yake, kisha mwinyi na hati yake, sasa wamempisha padri. Watoto nao walizoea kutupa pini ndani ya maji ili chemchemi icheke. Na hucheka kweli: gesi, hasa nitrojeni, hupanda kutoka chini na kutoa viputo katika maji ambayo ni baridi mwaka mzima. Kitongoji kilicho karibu kilijulikana kwa wagonjwa wa akili walioletwa kutafuta nafuu. Sehemu hii ya Brocéliande haikubandikwa na mtu kutoka nje, na pengine ndiyo mbegu iliyofanya mengine yote yaote Paimpont badala ya Quintin.

Aliyeipa nchi ya majini sura yake ya leo, hata hivyo, ni padri mwingine. Henri Gillard alipelekwa Tréhorenteuc mwaka 1942, wakati wa vita. Mapadri wa jimbo la Vannes walikuwa na jina la kejeli kwa parokia hiyo, jina la chombo kinachowekwa chini ya kitanda usiku, kwa hiyo mtu anaweza kukisia uhamisho huo ulimaanisha nini. Kanisa lilikuwa linabomoka na kijiji kinaishiwa watu. Gillard alitazama alichonacho akaona ana vitu viwili: kanisa bovu, na nje ya mlango wake Bonde Lisilo na Kurudi. Akaamua kuviunganisha.

Mtu mwingine angeliona jambo hilo kuwa la hatari, na askofu wake aliliona hivyo. Gillard alikuwa na hakika kwamba hadithi za Kikombe Kitakatifu cha karamu ya mwisho, ambacho mashujaa wa Arthur walikitafuta, ni njia ya kumfikisha mtu kwenye imani. Alikarabati kanisa kwa kiasi kikubwa kwa fedha zake mwenyewe. Vita vilipokwisha akapata mafundi wasiotarajiwa, wafungwa wawili wa kivita wa Kijerumani, mmoja mchoraji na mwingine seremala. Kwa mikono yao kanisa la Tréhorenteuc likapata Njia ya Msalaba ambayo mandhari yake si Yerusalemu. Ni vilima na njia za hapo hapo kijijini. Katika kituo cha tisa, Yesu anapoanguka mara ya tatu, mbele yake yuko mwanamke wa mavazi mekundu, mrembo, asiye na haya. Ni Morgane, malkia wa bonde, aliyepewa kazi ya kuwakilisha tamaa za mwili katika nyumba ya ibada.

Ukutani nyuma ya kanisa kuna mozaiki ya ayala mweupe mwenye mkufu, amezungukwa na simba wanne wekundu, na nyuma yao chemchemi ya Barenton. Katika vioo vya rangi vya madirisha kuna Kikombe. Gillard alichapa vijitabu, akawapokea wageni mlangoni, akawatembeza bondeni mwenyewe akieleza maana ya kila jiwe, pamoja na hesabu za nyota na namba alizozipenda mno. Baadhi ya maelezo yake hayasimami hata kidogo mbele ya mwanahistoria. Wageni walikuja kwa mabasi. Mwaka 1962 wakubwa wake walimwondoa. Alifariki mwaka 1979 na kuzikwa ndani ya kanisa alilolifufua, na sanamu yake imesimama nje, kama kwamba bado anangoja basi linalofuata.

Mtu anaweza kuuliza ni nani kati ya hawa aliyekuwa mkweli. Mwinyi wa Laval alitaka heshima, jaji alitaka mji wake utajwe vitabuni, na padri alitaka watu waingie kanisani. Kwa maoni ya mwandishi huyu Gillard anawapita wote kwa jambo moja. Wengine walisema majini walikuwapo hapo tangu kale. Yeye aliwachora upya hadharani, kwa rangi mbichi, akiwatumia wafungwa wa vita, na kila mgeni alijua kazi ilifanywa lini na kwa amri ya nani.

Moto wa Septemba 1990 ulidumu siku kadhaa. Uliteketeza mamia ya hekta za Bonde Lisilo na Kurudi na vilima vinavyolizunguka, na majabali mekundu yakabaki yamesimama katikati ya majivu. Watu walijitolea kupanda miti, na michango ikaletwa kutoka mbali, kwa ajili ya bonde ambalo miaka mia mbili nyuma hakuna aliyelijua kwa jina hilo. Mwaka 1991 mchongaji François Davin aliuchukua mti mmoja uliokufa kwa moto, mti wenye matawi yaliyopanda juu kama pembe za ayala, akaufunika wote kwa karatasi nyembamba za dhahabu halisi. Kuuzunguka alisimamisha miti mitano myeusi iliyoungua, na chini akapanda mawe yaliyochongoka, ili mtu asiusogelee na kuukwangua. Watoto wengi wanaofika leo huamini kuwa Mti wa Dhahabu ni wa zamani kuliko Merlin. Mwezi Agosti 2022 moto mwingine ulipita upande huo huo wa msitu na kula tena mamia ya hekta.

Kabla ya mioto hiyo, mwaka 1988, wapenzi wa hadithi za Arthur walianzisha kituo chao, ambacho baadaye kilipata makao katika ngome ya Comper, ile ile ilikoandikwa hati ya 1467. Ngome ilichomwa wakati wa Mapinduzi na sehemu yake kujengwa upya baadaye, na ziwa lililo chini ya kuta zake sasa ndilo linaloonyeshwa kuwa la Viviane, lenye jumba la kioo ambalo Merlin alimjengea ili mwingine yeyote asilione. Msitu wenyewe kwa sehemu kubwa sana ni mali ya watu binafsi, si ya serikali. Msimu wa kuwinda ukifika wenye mashamba hufunga njia nyingi, na mgeni aliyetoka Paris kumtafuta Merlin hukuta kibao cha kumkataza kupita. Ugomvi wa haki za msitu haujaisha. Umebadilisha wagombanaji tu, kwani sasa ni wa wawindaji na watembezi, na waongoza wageni wana lao la kusema.

Na Brocéliande hatimaye imepata serikali. Jina hilo, ambalo Wace alilifuata akarudi mikono mitupu, leo ni la jumuiya rasmi ya manispaa yenye makao makuu katika mji mdogo wa Plélan-le-Grand, yenye baraza, bajeti na ofisi. Paimpont imo, na chemchemi ya Barenton imo pamoja nayo. Lakini mpaka wa mikoa ya Ille-et-Vilaine na Morbihan unaukata msitu, na jumuiya iliishia hapo. Ngome ya Comper na ziwa la Viviane ziko Concoret, upande wa Morbihan. Kanisa la Gillard, na Morgane aliye katika kituo chake cha tisa, liko Tréhorenteuc, upande huo huo. Kwa ramani ya serikali, majumba ya malkia wote wawili wa Brocéliande yako nje ya Brocéliande, katika jumuiya ya Ploërmel.